Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hadithi Zangu za Mapenzi

Kila hadithi inapomalizika napokea ujumbe mwingi, na maswali mengi yanafanana. Nimekusanya hapa yale yanayorudi zaidi, nikayajibu kadiri nilivyoweza, ili hata yule anayeona haya kuniuliza apate jibu lake.

Dada, hadithi zako unazitoa wapi?

Ya kwanza niliitoa uani kwa shangazi yangu, na karibu zote zilizofuata zimetoka palepale.

Nililelewa na shangazi Ngamiani, Tanga. Asubuhi alikuwa akiuza chapati na maharage ya nazi barazani kwake. Mumewe alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, mtu wa maneno machache mno. Kila alfajiri, akitoka msikitini na kabla hajavaa nguo za kazi, alichutama uani akawasha jiko la mkaa. Alitanguliza vifuu vya nazi, akaweka juu yake mkaa mdogomdogo, kisha akapepea kwa kipepeo cha ukili mpaka cheche zikakoma na mkaa ukawa mwekundu mtupu. Akibandika birika, alichukua kigoda cha mkewe akakiweka upande ambao moshi hauendi. Upepo ukibadilika, kigoda nacho kilihamishwa. Halafu anakwenda kazini. Sikumbuki hata siku moja kumsikia bwana yule akimwambia mkewe "nakupenda".

Nilikuwa na miaka 11 alipofariki. Shangazi akakaa eda, miezi 4 na siku 10, na biashara ikasimama. Siku ya kwanza ya kurudi jikoni alichutama mbele ya jiko, akapanga vifuu na mkaa kama alivyokuwa akiona vinapangwa. Moto ukazimika. Akarudia, ukazimika tena. Mwanamke aliyelisha nusu ya mtaa wetu kwa mikono yake hakujua kuwasha jiko lake mwenyewe, kwa sababu miaka yote ile alikuwapo mtu wa kumwashia. Akakaa kwenye kigoda, moshi unamwingia machoni, wala hakusogea. Mimi nikachukua kipepeo.

Usiku ule niliandika ukurasa mzima nyuma ya daftari langu la Hisabati. Haikuwa hadithi bado. Ilikuwa tu jiko, birika na kigoda. Lakini mpaka leo nikitaka kuandika juu ya watu wawili, sianzi na watakachoambiana. Natafuta kwanza kigoda chao kiko wapi.

Kwa hiyo ni mambo yaliyokukuta mwenyewe?

Machache. Huzuni zangu nimezigawa kwa wahusika wengi, na hakuna mmoja aliyebeba zote. Mume wangu amenikataza kitu kimoja tu: nisiandike jinsi alivyoniposa. Nimelitii katazo hilo kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Mbona hadithi zako nyingi ziko Tanga? Kwa nini si Dar es Salaam?

Tanga ndiko ninakojua harufu za asubuhi, na hiyo peke yake ingetosha. Ila ipo sababu kubwa zaidi.

Hadithi ya mapenzi inahitaji watu wa mbali wakutane na wawe na sababu ya kuogopana, na mji wetu ulijengwa na watu wa namna hiyo. Mwaka 1893 miche ya kwanza ya mkonge iliteremshwa pwani hii, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ikaanza kujengwa reli kutoka Tanga kwenda bara. Mkonge ulitaka mikono, reli ikaleta watu, na baada yake wakaja vizazi vya manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani, kutoka kila upande: Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, hata watu wa Rwanda na Burundi. Wakakaa kambini, wengine wakahamia mjini, wakakutana na Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wahindi na Waarabu waliokuwapo. Ndiyo maana ukikaa baraza moja Ngamiani jioni utasikia ukoo wa mtu umetoka pande nne za nchi. Kila upande una mila zake za posa, una chakula chake na una hofu yake ya "watu wale".

Wageni wanatutania kwa msemo wa zamani: "Tanga, waja leo waondoka leo." Nimeusikia tangu utotoni na kila mara unanipa hadithi mpya. Aliyekuja leo, mbona hajaondoka? Nani amemzuia?

Nimeona kila hadithi yako ina kanga. Ni makusudi?

Ni makusudi, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu kanga imenifundisha kuandika kuliko darasa lolote.

Kila kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina lake chini. Jina ndilo neno lenyewe. Kanga zilianza kuwa na majina kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Lipo duka la Mombasa, la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa mwaka 1887, ambalo kanga zake bado zinatambulika kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla". Bibi yangu alikuwa akizitafuta hizo kama watu wanavyotafuta dhahabu.

Sasa fikiria mwandishi mwenye nafasi ya maneno manne au matano tu, na maneno hayo lazima yasomwe na mume, wifi, jirani na yule asiyetakiwa kujua, kila mmoja kwa maana yake. Hiyo ni kazi ngumu sana. Mke hawezi kusimama uani akamwambia wifi yake la moyoni, lakini anaweza kujifunga kanga akapita nayo mara tatu kwenda kisimani. Hakuna aliyemtukana mtu, na kila mtu amesikia.

Siku moja nilikuwa dukani nachagua doti ya kumpelekea mwali. Akaingia kijana, fundi baiskeli, maana mikono yake ilikuwa na mafuta ya mnyororo na alikuwa akijizuia asiguse kitambaa. Akamwomba muuzaji amsomee majina. Muuzaji akasoma moja, akasoma la pili, kijana anatikisa kichwa. Likaja "Japo sipati tamaa sikati". Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini: "Hiyo. Ila nikunjie jina liwe juu, likifunguliwa lionekane kwanza." Akahesabu pesa noti moja moja na zilikuwa zimekunjwa sana.

Sikumfuata. Sikujua kanga ilikwenda kwa nani wala kama ilipokewa. Nilirudi nyumbani nikaandika hadithi ya sehemu 34 kutokana na sentensi ile moja: nikunjie jina liwe juu.

Wewe umelelewa na waandishi gani?

Kabla ya vitabu nililelewa na redio ya shangazi na taarabu ya mjini kwetu. Tanga ilikuwa na vikundi vyake, Black Star na Lucky Star, na magitaa yao yalikuwa na mwendo tofauti na taarabu ya Unguja yenye fidla na ganuni. Wimbo wa taarabu ulinionyesha kwamba unaweza kumlilia mtu bila kumtaja, na kwamba ubeti mmoja mzuri unamfanya msikilizaji ainuke na kwenda kumtunza mwimbaji pesa.

Kutoka hapo nikaingia kwa Siti binti Saad, mtoto wa shamba wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert, mtu wa kwetu, aliyezaliwa Vibambani, Tanga mwaka 1909. Shuleni walitufundisha Shaaban Robert wa maadili na wa nchi za kufikirika. Mimi nilikutana na Shaaban Robert mwingine, mume aliyefiwa na mkewe Amina akamtungia shairi la kumlilia. Nililisoma nikiwa na miaka 16 nikiwa nimekaa kwenye kigoda kilekile. Mwanamume mzito wa heshima zake, anazungumza na mkewe aliyekufa bila kujificha. Nikajua kumbe inaruhusiwa.

Halafu kuna Mwana Kupona wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Wasomaji wengi wa leo wanauona ni wa kumkandamiza mwanamke, na siwezi kusema hawana hoja. Lakini someni tena pale anapomweleza binti kwamba mume akilala asimwamshe, akae karibu naye na kumpepea. Mama aliyekuwa mke ndiye anayejua joto la Lamu na Pate mchana, na ndiye anayejua maana ya mtu kukaa macho kwa ajili ya usingizi wako. Nikisoma pale namwona mume wa shangazi na kipepeo chake, ila kwetu aliyepepea alikuwa mume. Hadithi zangu karibu zote zinauliza swali hilo: katika nyumba hii, nani anampepea nani?

Unaandika saa ngapi na unatumia nini?

Naandika baada ya swala ya alfajiri mpaka watoto wanapoamka. Jioni sitoi kitu cha maana.

Rasimu ya kwanza naiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, kwaya tatu, ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto nauacha wazi kwa masahihisho na kwa maswali ninayojiuliza: "Amejuaje kama mwenzake amerudi?" "Mvua ilishanyesha au bado?" Nikimaliza sehemu, naichapa kwenye simu. Kuchapa ndiyo kuandika kwa mara ya pili, kwa sababu kidole kinachoka haraka na kila neno lisilo na kazi linaachwa.

Kisha naisoma kwa sauti. Zamani nilimsomea shangazi naye anasuka ukili. Hakuwahi kuniambia hapa pabaya. Nilitazama vidole vyake tu. Vikiendelea kwenda, ujue sehemu ile imepooza. Vikisimama, nimempata. Sasa hayupo tena, namsomea binti yangu mkubwa, na kwake naangalia kama anachukua simu.

Unaanzaje hadithi mpya? Unajua mwisho mapema?

Naanza na watu wawili na kitu kimoja kinachowazuia. Kizuizi ndicho ninachokifanyia kazi zaidi, wiki mbili hata tatu kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Sharti langu ni kwamba kizuizi kiwe na haki. Hadithi nyingi za mapenzi zina mama mkwe mbaya, mbaya tu tangu sehemu ya 1, na msomaji anajua siku moja ataaibika. Mimi mama akikataa binti yake asiolewe na yule kijana, lazima nijue kwa nini, na sababu yake lazima iniume hata mimi. Kuna hadithi niliyoandika ya binti wa Chumbageni na dereva wa lori. Mama alikataa kabisa. Rasimu ya kwanza nilimfanya mwanamke mpenda pesa, na hadithi ikanifia mkononi. Nikairudia. Safari hii mama alikuwa mjane wa dereva wa lori. Aliwahi kupigiwa simu usiku. Anajua mlio wa simu ile. Hapo hadithi ikaamka yenyewe, kwa sababu kila alilosema kijana lilikuwa la kweli na kila alilosema mama lilikuwa la kweli pia.

Nikishapata kizuizi, naandika barua. Kila mhusika anamwandikia mwenzake barua ambayo hataituma, ukurasa mmoja. Barua hizo hazimo kwenye hadithi, lakini kutoka humo najua nani anatumia "wewe" na nani anasema "mwenzangu", nani anaomba radhi haraka na nani hawezi.

Mwisho naujua kwa mbali, kama unavyoona mnara wa taa ukiwa baharini. Njia siijui.

Na jambo moja ambalo waandishi wenzangu wachanga wanalisahau: posa yenyewe ni hadithi iliyopangwa tayari. Kuna kutuma mshenga, barua, kusubiri jibu, wazee kukaa, kishika uchumba, mahari, kupangwa siku, mwali kuwekwa ndani na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, kusingwa kwa singo la manukato, nikaha. Kila hatua ina mlango unaoweza kufungwa. Mhusika ninayempenda kuliko wote ni mshenga. Anabeba maneno ya nyumba moja kuyapeleka nyingine, na njiani peke yake anaweza kuyapunguza makali au kuyaongeza. Nimeandika mshenga aliyebadilisha sentensi moja akaokoa ndoa, na mwingine aliyeisahau sentensi moja akaivunja.

Mbona wahusika wako hawasemi "nakupenda"?

Wanasema, ila mara moja tu katika hadithi nzima, na nachagua mahali kwa uangalifu.

Kiswahili kimetupa maneno mengi na kila moja lina chumba chake. Mapenzi ni neno la watu wote. Mahaba yana joto la karibu, si neno la kusema mbele ya wakwe. Huba linaishi zaidi kwenye ushairi. Pendo lina heshima ya kizamani, na upendo utausikia kanisani na kwenye hotuba. Ashiki ni tamaa inayomsumbua mtu. Ukichanganya vyumba hivi, msomaji wa pwani anasikia kelele. Nilishawahi kumwandikia babu wa miaka 70 aseme "mahabuba wangu" mbele ya wajukuu, shangazi akasimamisha ukili akaniangalia. Nikafuta.

Halafu tazama kitenzi chenyewe. Penda, pendwa, pendana, pendeza, pendelea, pendekeza. Kijana mwenye haya akimwambia msichana "leo umependeza", kwa sikio la juu amesifu nguo. Lakini -pend- imo mle ndani, ameitamka, na msichana mwenye akili ameisikia. Mimi huwa naandika matamko ya mapenzi ya namna hiyo. "Umekula?" ni tamko. "Nimekuzoea" ni tamko zito sana, kwa sababu mtu anakiri kwamba hatajiweza. Mume kumwita mkewe "mama fulani" kwa jina la mtoto, halafu siku moja akiwa na hofu akamwita kwa jina lake la usichana: hapo nimeona wasomaji wakinitumia ujumbe wa kulia, na hakuna aliyesema nakupenda.

Kwa nini huandiki ya chumbani? Wenzako wanaandika na wanasomwa sana.

Sina neno na wanaoandika. Mimi nafunga mlango. Udi umefukizwa, asmini zimetandazwa kitandani, kikuba kifuani, taa imepunguzwa, na somo amekwenda zake. Msomaji wangu anajua kinachofuata, na akili yake itamchorea vizuri kuliko kalamu yangu. Nasomwa pia na mabinti wa sekondari pamoja na mama zao kwenye simu moja, na nataka waweze kupeana simu hiyo bila kuangaliana pembeni.

Wanaume wako wapole mno. Wako wapi wanaume hao?

Mmoja aliwasha jiko Ngamiani kwa miaka yote ya ndoa yake. Wengine mnaishi nao, mmewazoea tu hamuwaoni. Nimepata ujumbe kutoka kwa baharia wa Kigombe, aliyesema amemsomea mkewe sehemu nzima kwa sauti wakiwa jikoni. Wanaume wanasoma hadithi hizi kuliko mnavyodhani, ila wanatumia simu za wake zao.

Hadithi zako zinaisha vizuri kila mara?

Hapana. Ila siui mtu ili nikulize. Nikimwua mhusika, ni kwa sababu kifo kilikuwamo tangu sehemu ya kwanza na nyote mlikiona mkakataa kukiona.

Kwa nini unatuma sehemu kwa sehemu? Tunateseka kusubiri.

Nilianzia kwenye magazeti ya hadithi, ambako sehemu ilikuwa na urefu wa safu zake na "Itaendelea" yake chini. Msomaji alisubiri wiki nzima. Baadaye simu zikachukua nafasi ya magazeti, na leo wengi wetu tunauza hadithi kwenye makundi ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo bure, zinazobaki kwa malipo kidogo ya simu. Msimamizi wa kundi anahakiki muamala, anakuingiza.

Namna hii ina shida zake lakini naipenda, kwa sababu inafanana na jinsi bibi zetu walivyosimulia ngano: wanakatisha usiku mtoto akiwa na kiu ya kujua. Na inanilazimisha kila sehemu iwe na mzigo wake. Sehemu yangu haizidi maneno 1,200. Lazima jambo moja lifunguke na jambo moja lifungwe. Sikatishi kwa mtego wa uongo, mlango ukagongwa halafu kesho tukute ni muuza maziwa. Nikigonga mlango leo, kesho aliyesimama nje ni mtu aliyepaswa kuogopwa.

Na ninawasikia. Sibadilishi mwisho kwa kura, lakini mkiniambia kwa pamoja kwamba dada wa mhusika hamumwelewi, najua sijamwandika vya kutosha, narudi kwake.

Niliona hadithi yako kwingine ikiwa na majina mengine. Ni wewe?

Si mimi. Imenitokea mara mbili. Mara ya kwanza mtu alibadilisha majina ya wahusika, akahamisha mji, akauza. Alisahau kubadilisha jina la kanga. Mara ya pili ilikuwa mchapishaji aliyetoa kitabu changu, akaniambia hakiuziki, na mimi nikakikuta kinauzwa stendi ya mabasi mikoa mitatu. Niliumia, na kilichoniuma zaidi haikuwa pesa. Ni kuona shangazi yangu, kigoda na moshi wake, amebebwa na mtu asiyemjua.

Nililojifunza nawaambia wenzangu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi yako ni yako tangu ulipoiandika, na haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo ni urithi wa watoto. Ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, unapata ushahidi wa kushika mkononi. Usikubali makubaliano ya mdomo, hata na mtu mnayekula naye. Daftari zangu za mkono nazitunza zote na tarehe zake, na ndizo zilizonisaidia mara ya kwanza ile.

Nina kisa changu cha kweli, unaweza kukiandika?

Nisimulie, nitakusikiliza. Lakini nikikiandika hutakitambua. Nitakuhamisha mji, nitakubadilishia kazi, pengine nitakufanya mwanamume. Nitachukua kitu kimoja tu, labda jinsi ulivyorudisha zile bangili ukiwa umezifunga kwenye leso. Kisa cha mtu kizima ni amana, na aliyekuumiza naye ana watoto wanaosoma.

Nataka kuandika hadithi za mapenzi. Nianzie wapi?

Anzia kwa watu wawili wazee unaowafahamu. Kaa nao siku tatu bila kuandika. Tazama nani anamkatia mwenzake kucha, nani anaonja chai kwanza, nani anajua dawa za mwenzake zinanywewa saa ngapi. Siku ya nne andika ukurasa mmoja usio na neno penzi, wala mapenzi, wala moyo. Msomaji akiona wanapendana, endelea na ukurasa wa pili. Asipoona, rudi ukakae nao tena.

Soma ushairi hata kama hutaandika ushairi. Vina na mizani vitakunyoosha sikio. Na andika mazungumzo kama watu wa mahali pale wanavyosema. Mtu wa Pemba asiongee kama wa Moshi. Kijana anamwamkia mama mkwe mtarajiwa "shikamoo", na namna anavyoivuta shikamoo hiyo inaweza kueleza hofu yake yote.

Sasa hivi unaandika nini?

Naandika hadithi ya watu wazima, mwanamke wa miaka 58 na mwanamume wa 63, Pangani. Mwanamke anauza samaki wa kukaanga upande wa mjini, mwanamume anakata tiketi za kivuko kinachovuka mto kwenda Bweni. Wote wamefiwa. Watoto wao wakubwa wanaona aibu. Kila siku mwanamke anavuka bila shughuli yoyote ng'ambo, anafika, anageuka na kivuko hichohicho. Anakata tiketi mbili, ya kwenda na ya kurudi, na bwana yule anazichana zote mbili bila kumwuliza kitu.

Nimefika sehemu ya 9. Jana asubuhi, kwa mara ya kwanza, bwana yule amemwekea kiti upande usio na jua.